Muhuri Mlangoni Pako

Macon, Georgia, 9 Februari 2003

Kwa Shangazi Luvenia,

Najua ukiona mwandiko wangu utauliza kwanza nani kafa. Hajafa mtu. Nimeacha kazi benki.

Ngoja kabla hujaanza kunisema. Miaka yote nimekaa nyuma ya kaunta nikiwapigia watu muhuri kwenye hati zao, na kila wiki nasikia habari za wale wasioweza kufika: mgonjwa asiyeinuka kitandani, mfungwa anayetaka kumwandikia ndugu yake gari, muuguzi anayetoka zamu benki imeshafungwa. Sheria inataka mtu atie saini ana kwa ana mbele ya mthibitishaji aliyeapishwa, na mthibitishaji mwenyewe kakaa benki anakunywa kahawa. Basi nikaona, kama hawawezi kumfuata mwenye muhuri, mwenye muhuri awafuate. Nina kibali, nina muhuri, nina lile gari la marehemu baba. Nimechapisha na kadi, kwa jina langu la cheti: Renetta Mungin, Muhuri Mlangoni Pako. Nilizigawa kanisani hadi mchungaji akasema, "Dada Renetta, sasa tuache tusali."

Mteja wa kwanza alikuwa jela. Yeye upande ule wa kioo, mimi upande huu, askari akipitisha karatasi tunduni. Wa pili alikuwa bibi mmoja hospitalini, kesho yake anapasuliwa. Akaniuliza, "Mwanangu, hii karatasi inasemaje?" Nikamwambia, "Bibi, mimi sisomi karatasi, nasoma uso na kitambulisho." Ndivyo tulivyofundishwa. Mthibitishaji hasomi, haelezi, hashauri. Akifanya hivyo amejifanya wakili na anaweza kushtakiwa. Mwanzoni niliona ni ugumu wa roho. Sasa naona ni nafuu, maana mambo ya watu hayanifuati nyumbani.

Niombee. Na ununue simu, Shangazi. Dunia nzima inayo.

Mimi mwanao,
Bina


Kisiwa cha Ransom, 2 Machi 2003

Bina,

Barua imekuja na feri ya Jumanne. Nimeisoma, kisha nikamsomea Hester wa jirani, tukacheka mpaka kuku wakakimbia. Mtoto niliyemlea mimi, aliyekuwa akijificha chini ya kitanda mgeni akibisha hodi, leo ndiye anayewabishia watu hodi. Mungu ana mzaha wake.

Simu sinunui. Simu ni ya kuletea misiba, na ya kanisani inatosha kwa kazi hiyo.

Sasa weka mzaha kando unisikilize. Kodi ya ardhi imepanda tena. Ng'ambo ya kijito, kwa akina Bolden, wameshachonga uwanja wa gofu, na Bolden mwenyewe anakaa kwa mkwewe huko bara. Unajua ardhi yetu bado iko kwa jina la babu Cuffy, aliyeinunua utumwa ulipokwisha. Hakuandika wosia. Mwanawe hakuandika, wala baba yangu, wala mimi. Kwetu anayeandika wosia anaambiwa analiita jeneza. Nami nimeishi miaka yangu yote nikiamini kwamba cha wote hakiwezi kuuzwa na mmoja.

Kumbe sivyo. Amekuja kanisani wakili wa msaada, binti mdogo tu, akatueleza. Kila mjukuu na kitukuu wa Cuffy ana fungu lake, hata aliyezaliwa Augusta asiyejua tope letu linanukaje. Na mmoja akiuza fungu lake, mnunuzi anaweza kwenda mahakamani akaomba ardhi yote iuzwe. Yote, Bina. Nyumba ninayolala, na makaburi, na mama yako humo.

Dawa yake, anasema, ni wote tutie saini karatasi moja ya kuiweka ardhi chini ya ukoo, isiuzwe ila kwa kauli moja. Tena saini mbele ya mthibitishaji. Aliposema hivyo niliinuka kwenye benchi. Ndugu wako Macon, Augusta, Savannah, Atlanta, na wewe una gari na muhuri. Karatasi nakutumia wiki hii. Anza na Othella, ndiye mkubwa wao, na wengine humfuata.

Shangazi yako,
Luvenia


Macon, 15 Juni 2003

Shangazi,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa sina la kujivunia. Ada ya muhuri imepangwa na sheria, na haitoshi hata mafuta ya kuwashia gari. Sisi tunaishi kwa nauli ya safari, na nauli ndiyo watu wanayoigombania. Mtu mmoja aliniita niende mbali, karatasi za talaka. Nikafika nikawakuta yeye na mkewe wamekaa barazani wanamenya njugu. Wamepatana. Nauli je? "Dada, tuombee tu." Nikageuza gari. Mwezi wa tano nilikuwa nakula mchana kwenye maegesho ya hospitali, dirisha wazi, nikisubiri simu iite, na meneja wa benki nilishaanza kumuota.

Halafu mlango ukafunguka. Ofisi ya wakili mmoja Savannah iliona kadi yangu. Wananipa bahasha na anwani, mimi naenda, mwenyewe anatia saini, napiga muhuri, narudisha. Wiki nzima niko barabarani na nauli hawaigombanii. Wanasema hawajapata mthibitishaji anayekaribishwa na watu upesi kama mimi. Nimelipia bima. Nimeweka matairi.

Karatasi zako zilifika. Nimeziweka kwenye buti ya gari, ndani ya mfuko wa nailoni zisilowe. Nikipata nafasi kidogo nitaanza na Othella kama ulivyosema.

Usinikasirikie.

Bina


Kisiwa cha Ransom, 28 Septemba 2003

Bina mwanangu,

Naanza kwa kukuomba radhi. Kiangazi chote nilikuwa nikikusengenya kwa Hester, kwamba umepata matairi mapya ukasahau gati la kwenu. Kumbe mwenzangu unafanya kazi kimya kimya. Othella kamwandikia mke wa mchungaji: "Binti wa Luvenia alifika kwangu na karatasi za ardhi, nikatia saini, tukala wali mwekundu, akapiga sahani mbili." Niliposomewa hayo nilikaa kwenye ngazi za kanisa nikalia, mimi ambaye sikulia hata kwa mume wangu. Kwa nini hukuniambia? Au ulitaka kunishtua Krismasi?

Tena umeanza wakati wake. Majuzi alikuja hapa mtu wa Kampuni ya Heron Marsh, hao hao wa gofu, jina lake Crowe, kavaa viatu vyeupe kwenye tope letu. Akaisifu mialoni, akawasifu samaki niliokuwa nikiwaparua, mwisho akaisifu ardhi. Nikamwambia, "Baba, chukua samaki wawili ukale kwako, maana hakuna kingine utakachobeba hapa." Akacheka. Akasema, "Mama, nyakati zinabadilika." Nikamwambia zibadilike tu, sisi tuna mtu wetu anazunguka kukusanya saini za ukoo. Akauliza ni nani. Nikalitaja jina lako, na nililitaja kwa kujidai, sikufichi.

Akafuta tope kwenye kiatu. Kisha akasema, "Basi uko katika mikono salama, mama." Hata wao wamekusikia.

Chaza wameanza kunenepa. Njoo.

Luvenia


Macon, 11 Oktoba 2003
(haikutumwa)

Shangazi,

Huyo Crowe ndiye anayenikabidhi bahasha pale ofisini kwa wakili.

Sikujua mwanzoni. Naapa kwa kaburi la mama. Niliwaendea watu kadhaa ambao sikuwafahamu, wenye majina ya waume zao, si Mungin, wakatia saini nikapiga muhuri nikaondoka. Siku ya Othella nilipewa anwani nikaona kitu kinanisumbua. Akafungua mlango. Picha yako iko ukutani kwake, wewe na baba mko gatini. Akanikumbatia, akasema, "Mtoto wa Josiah. Luvenia kakutuma, eh?" Mimi nikacheka tu. Wali ulikuwa tayari jikoni.

Aliniuliza karatasi inasemaje. Nikamjibu yale ninayowajibu watu wote, kwamba mimi sisomi. Akasema, "Haya, wewe ukinilisha sumu nitakula." Akatia saini. Nilipokuwa nashusha muhuri macho yangu yakaangukia mstari wa katikati. "Nauza fungu langu lote katika ardhi ya marehemu Cuffy Mungin." Mnunuzi, Heron Marsh.

Ningeweza kuurudisha muhuri mkobani. Ulikuwa bado hewani. Nikapiga, kisha nikala sahani ya pili kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Tangu hapo nimekwenda kwa Marvelle, na kwa Zeke aliye mgonjwa, na kwa wale mapacha wa Augusta. Wote wanaliona jina langu kwenye kadi, wote wanauliza Luvenia hajambo. Nilidhani ofisi ilinichagua kwa uchapakazi. Crowe aliniambia mwenyewe akicheka: "Kwako wanafungua mlango." Walinunua jina la Mungin kwa nauli ya gari.

Nikiacha narudi benki, na nilimwaga maneno mengi pale nilipotoka. Nikikuambia


Macon, 12 Oktoba 2003

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kusikia chaza wamenenepa. Ndiyo, nilipita kwa Othella, na wali wake ni mzuri ingawa haufikii wako, usimwambie.

Habari za saini tuziache kwanza. Usiwaandikie ndugu wala usiwaulize, utawachanganya. Haya mambo ya karatasi yana utaratibu wake na yanataka yapitie mkono mmoja. Karatasi zako ninazo garini kila ninakokwenda. Na huyo mtu wa viatu vyeupe usibishane naye. Akija mwambie hujisikii vizuri.

Nakutumia koti la sufu, na blanketi la umeme. Usiliache likiwaka ukilala.

Chaza sitawahi mwaka huu. Kazi imenibana.

Bina


Kisiwa cha Ransom, 4 Januari 2004

Bina,

Koti linanitosha. Blanketi nimempa Hester, mimi silali na umeme.

Usiku wa kuukaribisha mwaka tulikesha kwenye nyumba ya sala kama kawaida, na mchungaji akauliza nani ana ushuhuda. Nikasimama. Nikawaeleza jinsi Bwana alivyoninyima watoto wa tumboni akanipa mmoja wa kaka yangu, na jinsi mtoto huyo anavyozunguka Georgia nzima na gari la baba yake akiwaokota wajukuu wa Cuffy mmoja mmoja, asitake hata kusifiwa. Watu walipiga makofi na miguu mpaka nikahofia sakafu. Bolden alikuwepo, alivuka makusudi kutoka bara. Alilia. Akaniambia, "Luvenia, sisi hatukuwa na mtu kama huyo."

Yule wakili mdogo alikuja tena kabla ya Krismasi. Alikuwa na wasiwasi kwamba karatasi hazijarudi. Akasema ofisi yao ina mthibitishaji wao, wanaweza kumtuma kwa ndugu wote bure, mwezi mmoja kazi imekwisha. Nikamwambia, "Binti yangu, asante, lakini wa nini wa nje na wa ndani yupo?" Akasisitiza. Ilibidi nimwonyeshe barua yako, pale uliposema mambo yapitie mkono mmoja. Akaondoka.

Nakutumia mkate wa viazi vitamu na feri ya kesho. Zeke hali yake si nzuri. Wakati wa Pasaka nataka karatasi ziwe mezani kwangu, Bina, na wewe uwe kitini.

Luvenia


Kisiwa cha Ransom, 18 Aprili 2004

Renetta,

Zeke tumemzika. Alitaka kuletwa kisiwani, akaletwa, na ndugu wakaja wengi kuliko walivyokuja kwa mtu yeyote tangu baba yako. Mkate wa maziko ulikuwepo, samaki walikuwepo. Wewe hukuwepo. Nikawaambia kazi imembana.

Baada ya chakula niliinuka kuwashukuru. Nikamshika Othella mkono mbele ya watu nikasema huyu ndiye wa kwanza kutia saini, na wengine wakamfuata, na kwa saini zao babu Cuffy ataendelea kulala kwake. Othella akaniangalia.

Akasema, "Ila zile hela nazo zilinisaidia, Luvenia. Nimeweka hita."

Nikamuuliza, "Hela gani?"

"Si zile za karatasi. Hundi ilikuja kwa posta."

"Karatasi yangu haina hela, Othella."

Hapo nikauachia mkono wake. Marvelle akasema naye alipata hundi. Mapacha wakasema nao. Mjane wa Zeke akasema hundi yao ndiyo iliyolipa jeneza. Nikawauliza mmoja mmoja, mlisoma? Hakuna aliyesoma. Othella alikuwa analia sasa. Akasema, "Luvenia, alikuja mtoto wako. Nisome nini?"

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Wewe hukusoma kwa sababu ndiyo sheria ya kazi yako, wao hawakusoma kwa sababu ni wewe. Mimi nikakaa hapa nikiwaambia watu wapige makofi.

Samansi ya mahakama ilikuja siku nne baadaye. Heron Marsh wanataka ardhi iuzwe kwa mnada. Yule wakili mdogo ameisoma mara mbili. Anasema wangekuwa na fungu moja au mawili pengine jaji angewakatia kona yao huko kwenye vinamasi. Sasa wana karibu yote, na tuliobaki ni mimi na wewe. Anasema mwezi wa Desemba bado kulikuwa na ndugu ambao hawajauza. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kuna msemo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nauliza tu.

Nina ombi moja. Niandikie kwamba hukujua. Usinieleze, usinipambie. Andika neno hilo moja na nitaliamini, nitalipeleka kanisani nilisome kwa sauti.

Luvenia Mungin


Macon, 9 Mei 2004

Shangazi,

Ningeweza kuliandika hilo neno. Nimeliandika mara kadhaa. Mwanzoni sikujua. Kwa Othella nilijua, na baada ya Othella nilijua.

Lakini na wewe nisikilize, kwa kuwa kila mtu sasa ananisikiliza kwa kunisimanga. Mapacha wamenipigia simu na matusi ya kila rangi. Sikumshika mtu mkono atie saini. Kila mmoja alikuwa na kitambulisho chake na akili yake. Ningekataa mimi wangempata mwingine kesho yake, mthibitishaji yeyote mwenye gari. Na fungu langu sikuuza. Walinijia kulitaka mara tatu nikakataa. Hilo uliweke kwenye mizani yako.

Halafu Othella. Unamlilia Othella wa picha. Mimi nilikaa kwake. Alikuwa amevaa makoti mawili ndani ya nyumba, na tanuri la jiko liko wazi ili apate joto. Miaka yote hiyo alikuwa "mwenye fungu" katika ardhi ambayo hajawahi kulala hata usiku mmoja. Nyumba ni yako, bustani ni yako, gati ni lako, na wao wana jina la Cuffy. Uliwahi kumwandikia kumuuliza kama ana kuni? Ulimkumbuka ulipohitaji saini yake. Crowe naye alimkumbuka alipohitaji saini yake. Tofauti ni kwamba Crowe alileta hundi.

Na wosia. Mlikuwa na vizazi vitatu vya kuandika ukurasa mmoja. Baba yangu alikuomba mkamwone wakili nikiwa mdogo, nakumbuka, nilikuwa chini ya meza. Ukamjibu, "Josiah, una haraka ya kunizika?" Mkacheka wote. Mali bila daftari huisha bila habari, hayo si maneno yangu.

Sijaacha kazi. Niache nile nini? Ofisi ile haina bahasha nyingine za kunipa, maana wamemaliza walilolitaka, na simu yangu imerudi kukaa kimya. Nimerudi kwenye maegesho ya hospitali.

Karatasi zako bado ziko kwenye buti. Hazijalowa. Sijui nizipeleke wapi.

Renetta


Kisiwa cha Ransom, 24 Oktoba 2004

Renetta,

Ardhi imenadiwa Jumanne ya kwanza ya mwezi, kwenye ngazi za mahakama kule Fenwick. Nilivaa gauni la Pasaka. Nilidhani watu watagombania bei, nikawa nimejiandaa kuwachukia wengi. Alikuwepo Crowe peke yake, na mtu wa mahakama aliyesoma haraka kama anawahi chakula. Kumparua samaki mmoja huchukua muda zaidi. Hester alinishika mkono wakati wote.

Makaburi wanasema hawatayagusa. Watajenga uzio na geti, na sisi tutaingia tukitoa taarifa siku moja kabla. Nikitaka kumpelekea mama yako kikombe juu ya kaburi lake, kama desturi yetu, nitatoa taarifa. Nyumba natakiwa kuitoa ifikapo mwisho wa Novemba. Mke wa mchungaji amenipatia chumba cha kupanga huko bara, nyuma ya kituo cha mafuta. Kina dirisha.

Uliyoandika kuhusu wosia ni kweli. Baba yako aliniomba, na nilimcheka. Na Othella kweli alikuwa na baridi, na sikuwahi kumuuliza, na nilikuwa na kuni za kumpa. Nimeyakalia hayo tangu Mei, ndiyo maana sikukujibu. Sikutaka kukujibu kwa hasira nikajifanya sina kosa. Kosa ninalo. Ila mimi nilikosea kwa kutojua, Renetta, na nilipojua niliinuka kwenye benchi na kukuita wewe.

Sasa nina kazi ya kukupa. Fungu langu la fedha za mnada liko mahakamani. Ili nilipokee lazima nitie saini kwamba sina tena dai lolote juu ya ardhi ya Cuffy Mungin, si mimi wala atakayenifuata, na lazima iwe mbele ya mthibitishaji. Karani alinipa majina ya watu wa hapo hapo Fenwick, wanafanya kazi ng'ambo ya barabara. Nikamwambia namtaka wa Macon. Akasema utadai nauli. Nikamwambia nitalipa.

Njoo Alhamisi ya tarehe nne, feri ya asubuhi. Tutafanyia jikoni kwangu, maana meza bado ipo. Gatini usinikumbatie. Ukishakaa niombe kitambulisho, ukitazame, kisha unitazame mimi, kama unavyowafanyia watu. Karatasi hiyo usiisome, nimeshasomewa.

Karani ameniambia pia kwamba kuna swali ambalo mthibitishaji hutakiwa kumuuliza mtu kabla ya kupiga muhuri, kama anatia saini kwa hiari yake. Sikulijua. Sijui kama ulimuuliza Othella, na Othella hakumbuki. Mimi utaniuliza. Uniulize kwa sauti, Hester atakuwa amekaa hapo kama shahidi wa pili na sikio lake moja halisikii vizuri.

Nitakujibu ndiyo. Nikisema hapana fedha zinabaki mahakamani, na kile chumba kinataka kodi ya kwanza. Utajua kwamba ni uongo, na utapiga muhuri.

Luvenia Mungin